Chupa Ikipasuka Kabla ya Wakati: Sheria, Hofu na Maisha ya Mama

(Maneno haya yalisemwa na kikundi chetu cha afya mbele ya mkutano wa akina mama na wazee wa kanisa. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, isipokuwa tumepunguza marudio hapa na pale.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya mimba zenye hatari. Mara ya mwisho tulizungumza juu ya presha na chanjo, mkatupigia makofi. Leo huenda makofi yakawa machache, kwa maana tumeamua tusizunguke mbuyu. Kuna jambo moja ambalo kila tukikutana tunalipita pembeni. Sheria inayokataza kuavya mimba inamfanyia nini yule mama ambaye hakutaka kuavya chochote? Yule aliyeitaka mimba yake, akaanza kuweka nguo za mtoto kidogo kidogo, kisha mimba ikaharibika vibaya?

Tuseme mapema ili tusije tukaelewana vibaya. Hatukuja kubadilisha imani ya mtu yeyote. Katika kikundi chetu tuko tisa, na hatuna fikira moja. Katika kura ya Katiba ya mwaka 2010 wengine wetu walipiga Ndiyo, na wengine wakapiga La kwa sababu ya kifungu hiki hiki tutakachokisoma leo, kama viongozi wengi wa makanisa walivyotuomba. Bado tunabishana tukinywa chai. Lakini sote tisa tumeona kitu kimoja kwa macho yetu, na hicho ndicho tulichokuja kuwaambia.

Kuna mama mmoja ambaye ametupa ruhusa tusimulie habari yake, mradi tusitaje jina wala kijiji. Alikuwa na watoto watatu, na mimba ya nne ilikuwa na wiki 18, yaani miezi minne na kidogo. Asubuhi moja akiwa anachota maji akahisi maji mengine yanamteremka miguuni. Hakuna damu, hakuna uchungu. Akamwambia mama mkwe. Wifi yake aliyekuwa jikoni akadakia: "Usiende hospitali. Wakiona mimba inatoka watakuuliza umekunywa nini, halafu wataita polisi." Basi yule mama akalala nyumbani siku mbili, akinywa uji na kuomba.

Siku ya tatu mumewe alikataa maneno ya jikoni, akampakia kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya. Muuguzi akasikiliza tumbo, akasema: "Moyo wa mtoto bado unapiga. Sisi hatuwezi kugusa hapo. Rudi nyumbani, uchungu ukianza uje." Hakumpima joto. Hakumpa dawa. Hakumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Usiku wa siku ya nne mama akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Majirani wakachanga pesa za gari saa nane za usiku. Alipofika hospitali kubwa viini vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Walimwokoa, Mungu ashukuriwe, lakini mfuko wa uzazi ulitolewa, na figo zilichukua wiki kadhaa kurudi sawa.

Alipopata nafuu alituuliza swali moja tu: "Mimi nilifanya kosa gani?"

Baadaye tulimtafuta yule muuguzi. Tulikwenda tukiwa na hasira, tukarudi tumenyamaza. Ni msichana mdogo, ameajiriwa kwa kandarasi. Alituambia kwamba mwenzake wa kituo kingine aliwahi kuchukuliwa akaandike maelezo polisi kwa sababu ya mimba iliyoharibika, na mkubwa wake akawaagiza wote: kitu chochote cha mimba ambacho moyo unapiga, msiguse. Hakuna karatasi iliyoandikwa, ni maneno tu. Hatukuwa na nguvu ya kumlaumu sana, ingawa kumpima mtu joto hakuhitaji ruhusa ya mahakama.

Sasa hebu tueleze jambo lenyewe. Mtoto tumboni amelala ndani ya mfuko wa maji, ile tunayoita chupa. Kazi yake si kumzungushia maji tu, ni ukuta pia, unazuia viini visipande kutoka nje. Chupa ikipasuka mimba ikiwa imekomaa, ni habari njema, mtoto yuko njiani. Ikipasuka kwenye wiki ya 17 au 18, mambo ni mengine kabisa. Mtoto wa umri huo hawezi kuishi nje, na bila yale maji hata mapafu yake hayakui vizuri. Wako wachache ambao mimba iliendelea na mtoto akaishi, na wako akina mama wanaochagua kungoja wakitumaini hivyo, wakiwa wadini, wakipimwa, wakipewa dawa za kuua viini. Hatumkatazi mtu kutumaini. Lakini kungoja wadini na kungoja nyumbani ni vitu viwili tofauti.

Hatari ni viini. Vinapanda taratibu mpaka ndani ya mfuko wa uzazi, na kwa siku moja au mbili mama anaweza kuonekana mzima kabisa, anacheka na wageni. Halafu joto linapanda, au wakati mwingine linashuka kupita kiasi. Moyo unakwenda mbio, anapumua haraka, anaona baridi, maji yanayotoka yana harufu, tumbo linauma likiguswa. Akianza kuchanganyikiwa ujue muda umekwisha. Madaktari huita hali hiyo sepsisi, yaani viini vimeshinda ulinzi wa mwili mzima. Na hapa sikilizeni vizuri: dawa peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu kiota cha viini kiko ndani ya mfuko wa uzazi. Kile kilichomo lazima kitoke. Ikiwa moyo wa mtoto bado unapiga, ile kazi ya kukitoa ndiyo ambayo sheria nyingi za dunia zinaiita kuavya mimba. Hapo ndipo daktari anapogeuka kumtazama wakili kabla ya kumtazama mgonjwa.

Mnaweza kusema, haya ni mambo ya vituo vyetu vya mashambani visivyo na vifaa. Sivyo. Tuwapeleke Ireland, nchi ambayo masista wake wengi walikuja huku wakajenga shule na hospitali ambazo baadhi yenu mlizaliwa humo.

Siku ya Jumapili tarehe 21 Oktoba 2012, mama aitwaye Savita Halappanavar alifika hospitali kuu ya mji wa Galway akiwa na maumivu ya mgongo. Alikuwa na miaka 31, daktari wa meno, asili yake India, na mimba yake ya wiki 17 aliipenda. Walimwambia kwamba mimba inaharibika na haiwezi kuokolewa. Usiku huo huo, kuamkia Jumatatu, chupa ikapasuka. Yeye na mumewe waliuliza kama mimba ingeweza kumalizwa haraka, kwa vile ilikuwa inapotea tu. Wakajibiwa hapana, moyo bado unapiga. Muuguzi mkunga mmoja alikiri baadaye mbele ya uchunguzi kwamba alimwambia kuwa hii ni nchi ya Kikatoliki. Alisema hakukusudia kumuumiza, alikuwa anajaribu kumweleza kwa nini mambo yako hivyo. Alfajiri ya Jumatano homa na kutetemeka vikaanza. Mchana wa siku hiyo moyo wa mtoto ukasimama, mimba ikatoka, naye akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alikufa Jumapili tarehe 28 Oktoba, wiki moja tu tangu aingie kwa miguu yake.

Serikali ya Ireland iliunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake bingwa wa uzazi aitwaye Sabaratnam Arulkumaran, na ripoti ikatoka Juni 2013. Ripoti hiyo haikumwonea mtu haya. Ilisema mama hakupimwa joto na mpigo wa moyo mara nyingi kama ilivyotakiwa baada ya chupa kupasuka. Kipimo cha damu cha siku ya kwanza kilikuwa kimeonyesha chembe nyeupe zimepanda, na hakuna aliyekifuatilia. Na ilisema pia kwamba wahudumu walikaza macho mno kwenye kungoja moyo wa mtoto usimame, mpaka wakaacha kutazama hatari iliyokuwa inamwendea mama. Bingwa mwingine wa uzazi aliwaeleza wazee wa baraza la uchunguzi wa kifo jambo ambalo sisi hatujaweza kulisahau. Kama mimba ingemalizwa Jumatatu au Jumanne, alisema, huenda mama angekuwa hai, lakini siku hizo mbili sheria haikuruhusu, kwa maana hakuwa mgonjwa wa kutosha. Na Jumatano, alipokuwa mgonjwa wa kutosha kwa sheria, alikuwa amekuwa mgonjwa kupita kiasi kwa dawa.

Huko Ireland wako waliosema kosa ni la sheria tu, na wako waliosema ni uzembe wa hospitali tu. Sisi tunaona vyote viwili vilishikana mikono. Hofu humfanya mtu aone kitu kimoja tu, na anayetazama moyo mmoja akingoja usimame husahau kuhesabu mpigo wa moyo wa pili.

Sheria yao ilikuwaje? Tangu mwaka 1983 Katiba ya Ireland ilisema maisha ya mtoto aliye tumboni na ya mama ni sawa. Mwaka 1992 Mahakama yao Kuu kabisa ikaamua kwamba mimba inaweza kutolewa kukiwa na hatari ya kweli kwa uhai wa mama. Uhai, si afya. Basi wabunge wangekaa waandike hatari hiyo ipimwe namna gani, na nani aamue. Hawakuandika. Kila mmoja aliogopa kura. Miaka 21 ikapita, madaktari wakiwa na ruhusa ya mdomo tu upande mmoja, na upande mwingine sheria ya Kiingereza ya mwaka 1861 iliyotaja kifungo cha maisha. Baada ya kifo cha Galway ndipo sheria ya kueleza hatari kwa uhai ikapita, mwaka 2013. Tarehe 25 Mei 2018 wananchi wenyewe wakapiga kura, asilimia 66.4 wakaamua kukifuta kile kifungu cha 1983, na sheria mpya ikaanza kazi Januari 2019.

Kwa nini tunawachosha na Ireland? Kwa sababu ile sheria ya mwaka 1861 ni nyanya ya sheria yetu. Waingereza waliileta huku, ikaingia katika Kanuni ya Adhabu, na bado imo. Kifungu cha 158 kinasema anayemtoa mama mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14. Cha 159 kinamfunga mama mwenyewe mpaka miaka saba. Cha 160 kinamfunga anayetoa dawa au vyombo, miaka mitatu. Watu wengi wanajua hivyo vitatu, hata wasipojua namba zake. Lakini kitabu ni kile kile, ukifungua mbele kidogo kuna kifungu cha 240, ambacho karibu hakuna anayekijua: mtu hana kosa akimfanyia mgonjwa upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu, au kwa mtoto aliye tumboni ili kuokoa uhai wa mama. Hicho hakikuletwa na Katiba mpya. Kilikuwepo kabla ya Uhuru. Na mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaeleza kwamba kinachokatazwa ni upasuaji usio na sababu nzuri ya kitabibu.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya uhai na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Wengi tunaishia hapo. Sehemu ya nne yake inasema kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa imeruhusiwa na sheria nyingine iliyoandikwa. Tazameni: uhai au afya. Ni pana kuliko ile ya Ireland ya siku zile. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza kwamba mtaalamu huyo si lazima awe bingwa wa Nairobi. Afisa wa kliniki, muuguzi na mkunga waliosomea kazi hiyo wamo. Tena kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Basi yule muuguzi wetu alikuwa na ruhusa? Ya kumhudumia mama aliye hatarini, ndiyo. Mbona basi hakujua?

Hapa ndipo historia yetu inapofanana na ya Ireland mpaka inatisha. Mwaka 2012 wizara ilitoa mwongozo wa kueleza kifungu hicho kifanye kazi namna gani wadini. Desemba 2013 mwongozo ukaondolewa. Februari 2014 ikatoka barua ya kukataza wahudumu kufundishwa huduma hiyo. Ruhusa ikabaki kwenye Katiba, maelezo yakapotea. Mwaka huo huo wa 2014 muuguzi mmoja akahukumiwa kifo kwa ajili ya mama aliyekufa, ikadaiwa alimtoa mimba. Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mwaka 2017, lakini niambieni, kati ya wauguzi wote wa nchi hii ni wangapi walisikia ile hukumu, na wangapi walisikia ule msamaha? Habari mbaya hupanda matatu, njema hutembea kwa miguu.

Kisha kuna msichana mmoja aliyebakwa akiwa na miaka 14, mimba ikatolewa na mtu asiyejua kazi, akazungushwa hospitali hii na ile, figo zikafa. Naye alikufa Juni 2018. Mama yake na mawakili wanawake walikuwa wamekwenda mahakamani, na Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba kuondoa ule mwongozo na kukataza mafunzo kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru mama huyo alipwe fidia ya shilingi milioni tatu. Hiyo ni miaka mingi sasa. Katika kituo tulichokitembelea, neno hilo lilikuwa halijafika.

Mafunzo yakikatazwa hayakatazwi kwa kuavya tu. Pampu ya mkono inayomaliza mimba ndiyo hiyo hiyo inayomsafisha mama ambaye mimba yake imeharibika yenyewe na vipande vimebaki ndani. Vidonge vya misoprosto vinavyotumika huku ndivyo vinavyozuia damu baada ya kujifungua. Mikono ni ile ile. Ukimwogopesha muuguzi asiguse kitu kimoja, ameacha kugusa vyote vitatu. Na tukumbuke kwamba katika Kenya kutokwa damu nyingi ndiko kunakoongoza kuua akina mama. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha akina mama 355 wanaokufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Marekani nako wameingia katika shimo hilo, na wao hawana shida ya vifaa. Jimbo la Texas lilipitisha sheria kali iliyoanza Septemba 2021, kabla hata ya Mahakama yao ya Juu kuondoa ile haki ya mwaka 1973, jambo lililotokea Juni 2022. Madaktari wa hospitali mbili za Dallas waliandika habari za akina mama 28 waliopata matatizo makubwa kabla ya wiki ya 22, wengi wao chupa ikiwa imepasuka. Sheria iliwalazimu wangoje mpaka hatari ionekane. Walingoja kwa wastani wa siku tisa. Asilimia 57 ya akina mama hao walipata madhara makubwa. Katika majimbo yasiyo na sheria kama hiyo, waliohudumiwa mara moja katika hali kama hiyo, waliopata madhara walikuwa asilimia 33. Ishirini na wanane si watu wengi, tunakubali, lakini kila mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kitanda cha hospitali nzuri akingoja augue.

Kupasuka kwa chupa ni mfano mmoja tu. Kuna mimba inayotunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Hakuna daktari duniani anayeweza kuihamisha irudi ndani. Ikiachwa mrija unapasuka na mama anaweza kufa kwa damu ndani ya tumbo huku nje hakuna tone. Kuna mimba zabibu, ambayo si mtoto bali uvimbe. Kuna presha kali inayokuja mapema sana, na kifafa cha mimba. Na kuna moyo: wasichana wengi kwetu walipata homa ya koo utotoni, ikaharibu vali za moyo bila wao kujua, na wanagundua wakiwa na mimba ya miezi mitano wakishindwa kupanda kilima. Kwa mama kama huyo swali si la sheria kwanza. Anahitaji daktari wa moyo, na mazungumzo ya ukweli kabla hata hajapata mimba. Lakini daktari anayeogopa hasemi ukweli wote. Anasema, "Tutaona."

Mchungaji ametutazama, tunajua anangoja tuseme juu ya kanisa. Tutasema kidogo. Papa Pio wa 12, mwaka 1951, alifundisha kwamba haikubaliki kumuua mtoto moja kwa moja hata kwa nia njema, lakini mama anaweza kupewa matibabu ya lazima ya kuokoa maisha yake ambayo hayalengi kifo cha mtoto, hata kama kifo hicho kitafuata na hakiwezi kuepukwa. Ndiyo maana mrija wenye mimba hukatwa hata katika hospitali za Kikatoliki. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hukubali mimba kumalizwa pale uhai wa mama unapopotea. Lakini tusijidanganye kwamba ni rahisi. Mwaka 2009 katika mji wa Phoenix, Marekani, mama wa watoto wanne mwenye mimba ya wiki 11 alikuwa anakufa kwa presha ya mishipa ya mapafu. Kamati ya hospitali ya Kikatoliki, ambamo alikuwemo sista mmoja, Margaret McBride, ikakubali mimba imalizwe, na mama akapona. Askofu akasema sista amejitenga na kanisa, na Desemba 2010 akaiondolea hospitali jina la Kikatoliki. Hao wote walikuwa waumini wa kanisa moja, wamesoma mafundisho yale yale. Basi tusimwachie muuguzi wa kandarasi, saa tisa za usiku, akiwa peke yake na taa ya simu, aamue jambo lililowashinda askofu na sista kukubaliana. Maamuzi hayo yafanywe mapema, yaandikwe, yabandikwe ukutani.

Mzee mmoja alituuliza juzi: "Mkifungua mlango kwa dharura, si wote watapita humo?" Ni swali la haki. Tunajibu hivi. Uchunguzi uliofanywa na wizara na watafiti ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 ziliavywa katika Kenya, na akina mama karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara. Hiyo ni chini ya ile ile sheria ya miaka 14. Kwa hivyo mlango wa gizani uko wazi siku zote. Uliofungwa ni ule wenye taa, na anayegonga huo ni mama kama yule wetu. Tena anapofika akiwa anavuja damu, muuguzi hawezi kujua kwa kumtazama kama alikunywa kitu au la, na matibabu ni yale yale. Kazi yake ni kumtibu. Ya upelelezi ina watu wake.

Bwana Chifu Msaidizi, hapo tunakuomba wewe na wazee wa mtaa kitu kimoja: mkisikia mama amepoteza mimba, msianze na maswali. Tulifurahi ulipotikisa kichwa.

Na sisi tutafanya nini? Tumeanza kidogo. Tumekwenda kwa mkubwa wa kituo tukiwa na nakala ya kifungu cha 26, cha 43, na ile sehemu ya Sheria ya Afya, tukamwomba azungumze na wauguzi wake, na awe na namba ya simu ya daktari wa hospitali kubwa wa kuulizwa usiku. Alitupokea vizuri; alisema hata yeye alikuwa hajaisoma yote. Kikundi cha akina mama kimekubali mfuko wa gari, shilingi hamsini kila mwezi, na dereva wa pikapu amekubali kulipwa baadaye. Shilingi hamsini ni ndogo, lakini yule mama wetu alichelewa saa tano akingoja mchango.

Akina mama, shikeni hili. Maji yakitoka kabla ya wakati, hata kama hakuna uchungu, ni siku hiyo hiyo, si kesho. Mkifika, ombeni mpimwe joto, presha na mpigo wa moyo, na muulize vitapimwa tena saa ngapi. Ulizeni: "Tukingoja, tunangoja nini, na mkiona dalili gani mtachukua hatua?" Wakisema rudi nyumbani, ombeni barua ya rufaa. Nenda na mtu anayeweza kusema kwa niaba yako, kwa maana homa ikipanda wewe mwenyewe hutaweza. Akina baba, mtu huyo ni wewe. Yule bwana wa bodaboda aliyewakatalia watu wa jikoni ndiye aliyetuachia mama hai, ingawa alichelewa siku mbili, na yeye mwenyewe analia akizihesabu.

Mama mwenyewe yuko nasi hapa leo. Hatutasema ameketi wapi. Ametuomba tuwaambie kwamba mtu akitaka kumuuliza jambo, amwone baada ya chai, asimfuate nyumbani.

Sasa tutachukua maswali. Tumeona mkono pale nyuma. Karibu mama, simama tukusikie.